Diski Tatu Nilizozitupa Bure

Msumeno wangu wa meza niliununua Keko, Dar es Salaam, kwa fundi aliyekuwa anarudi kwao Mbeya, kwa shilingi laki tisa. Alinipasulia ubao mmoja wa paini nione kazi yake, ukatoka vizuri, nikahesabu hela. Sikujua kwamba paini kavu ya inchi moja hupasuliwa hata na mashine yenye maradhi. Ukienda kununua msumeno wa meza uliotumika, nenda na kipande chako mwenyewe cha mninga au mkongo, unene inchi mbili, urefu usipungue futi tatu, umwombe mwenye mali akipasue hicho mbele ya macho yako. Akianza kukueleza habari za umeme mdogo, rudisha pochi mfukoni.

Haikuwa mashine ya kiwandani. Ilikuwa ya kuchomelewa, kama zilivyo nyingi katika karakana zetu. Fremu ilikuwa ya vyuma vya engo, na meza ni bamba la chuma. Shafti ilizunguka kwenye beringi mbili zilizofungwa kwa bolti juu ya fremu, mota ikakaa chini, na mkanda ukaviunganisha. Diski ya inchi 12 ilichungulia kwenye upenyo wa meza. Meza yenyewe ilifungwa kwa bawaba upande wa mbali na mpasuaji, na upande wa karibu ilisimama juu ya bolti mbili ndefu: ukizikaza meza inapanda na diski inajificha, ukizilegeza inatokeza. Mwongozo, yaani kile chuma ambacho ubao huegemea unapopita, ulikuwa kipande cha engo kilichobanwa kwa klempu mbili. Diski haikuwa na kifuniko juu wala kisu cha nyuma. Hicho kisu nitakuja kukieleza, maana kutokuwepo kwake kulinigharimu.

Wiki ya kwanza nikapata oda ya kitanda cha mninga, futi sita kwa sita. Ubao wa kwanza ulipofika katikati, moshi ukaanza. Nikasukuma kwa nguvu zaidi, moshi nao ukazidi. Ubao ulipotokea upande wa pili, ukingo wake ulikuwa na mabaka meusi kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Weusi ule hauondoki kwa msasa, unaondoka kwa randa. Kwa hiyo kila ubao niliupasua kwa mashine kisha nikaupiga randa kwa mkono, kama vile mashine sina.

Nikailaumu diski. Nikaitoa ile niliyonunua pamoja na mashine, nikaitupa chini ya benchi, nikanunua mpya. Siku mbili ilikata vizuri, ya tatu moshi ukarudi. Nikaenda kununua nyingine. Muuzaji akanishauri nichukue yenye meno 60, kwa hoja kwamba meno mengi ndiyo ukali. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Mota ilikuwa inaguna mpaka nilimwonea huruma, na moshi ulitoka tangu inchi ya kwanza. Nayo baadaye ikaenda chini ya benchi na wenzake.

Siku hiyo ndipo mzee jirani alipoingia. Yeye karakana yake ilikuwa ya vifaa vya mkono tu kwa wakati huo, randa na patasi, lakini alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya mbao kabla ya kustaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unapika nini humu, bwana mdogo? Moshi wako umefika mpaka kwangu."

"Ni hizi diski, mzee. Siku hizi hazina ubora. Hii ni ya tatu."

"Umeizima mashine?"

"Nimeizima."

"Umebonyeza kitufe. Mimi nakuuliza umeizima?" Akanyoosha kidole kwenye swichi kuu ya ukutani. Nikaenda kuikata. Akaniambia nitoe mkanda kabisa, nimletee chaki na rula ya chuma.

Alichokifanya baada ya hapo hakikuchukua dakika 5. Alichagua jino moja la diski, akalipaka chaki. Akaizungusha diski kwa mkono mpaka lile jino likaja upande wa mbele, usawa wa meza, akapima umbali kutoka kwenye jino hadi kwenye mwongozo: milimita 100. Akaizungusha tena mpaka jino lilelile likaenda upande wa nyuma. Akapima: 97. Akanitazama, hakusema neno.

Nilimuuliza kwa nini jino moja, kwa nini asipime jino la mbele na jino la nyuma bila kuzungusha. Akasema diski yenyewe inaweza kuwa imepinda kidogo, na ukipima meno mawili tofauti unapima na upindaji wake. Jino moja likisafiri kutoka mbele kwenda nyuma, linakueleza habari za shafti na mwongozo peke yake. Nimewahi kuona mafundi wenye mashine za bei kubwa kuliko nyumba yangu wakipima kizembe hapo.

Zile milimita 3 ndizo zilizokuwa zinanipikia moshi. Ubao ulikuwa unaingia kwenye njia pana na kutokea kwenye njia nyembamba, kama mtu mnene anayelazimishwa kupita kwenye uchochoro. Kwa nyuma ulibanwa kati ya mwongozo na ubavu wa diski, na diski ikiusugua ubao badala ya kuukata, kinachozaliwa ni joto. Joto linaunguza mbao na linagandisha utomvu kwenye meno, na meno yenye utomvu yanasugua zaidi. Ndiyo maana kila diski mpya ilikata vizuri siku mbili kisha ikaanza tabia za mwenzake.

Mimi nilidhani tutasogeza mwongozo tu, biashara iishe. Mzee akakataa. Aliinama chini ya meza na kuzigusa bolti za beringi moja baada ya nyingine. Moja ya upande wa mkanda ilikuwa imelegea, tundu lake limelika na kuwa refu kama yai, na mvutano wa mkanda ulikuwa umeishavuta shafti upande. Kwa hiyo diski ilikuwa inatazama mshazari kwenye meza. Ningesawazisha mwongozo peke yake, kesho yake shafti ingehama tena. Kwanza tuliinyoosha shafti mpaka diski ikawa sambamba na ukingo wa meza, tukaweka washa nene na kukaza bolti na nati mbili juu yake. Baada ya hapo ndipo tukaufuata mwongozo. Kwa wenye mashine za kiwandani zilizo na mfereji kwenye meza, pimeni diski na mfereji kwanza, halafu mwongozo na mfereji. Kwa mwongozo aliniachia nafasi ndogo upande wa nyuma, unene wa karatasi mbili hivi, ili ubao ukishapita diski upumue.

Tulirudisha mkanda, tukapasua mninga. Hakuna moshi. Nilifurahi kiasi kwamba nilisahau kumkaribisha hata chai.

Furaha haikukaa. Moshi uliisha lakini mashine ilibaki na uvivu. Kwenye mkongo wa inchi mbili nilisukuma kama ninasukuma gari, na ukingo ulitoka na manyoya. Sasa mzee alikuwa amesafiri, na mimi nilikuwa nimejifunza angalau jambo moja, kutokimbilia dukani. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikaanza kusoma kila maandishi yaliyokuwa kwenye ile mashine. Kwenye mota kulikuwa na kibati kilichofunikwa na vumbi na grisi. Nikakifuta kwa petroli. Kilo-wati 4, fezi tatu (yaani umeme wa nyaya tatu za moto), mizunguko 1,440 kwa dakika.

Nilikwenda kwa kijana mmoja anayesuka mota, nikamuuliza hiyo 1,440 ni nyingi au ni chache. Akasema mota za kawaida kwa umeme wetu wa hezi 50 zina mizunguko 1,400 na kitu au 2,800 na kitu, na kwamba mwenye mashine huenda mota yake ya kwanza iliungua akafunga aliyoipata. Nikarudi nikapima puli. Ya kwenye mota ilikuwa inchi 7, ya kwenye shafti inchi 5. Nikachukua penseli: 1,440 mara 7 gawanya kwa 5, unapata mizunguko 2,016. Kama mota ingekuwa ya 2,850, kwa puli hizohizo shafti ingezunguka karibu mara 4,000, na hapo ndipo aliyeitengeneza alipokusudia. Fundi yule alibadilisha mota na kuacha puli za zamani. Msumeno wangu ulikuwa unazunguka nusu ya kasi yake.

Diski ya inchi 12 ikizunguka mara 2,016 kwa dakika, meno yake yanakwenda kama mita 32 kwa sekunde. Ni mwendo mdogo kwa meno ya kabaidi, ile ncha ngumu inayobandikwa kwenye jino, ambayo hupenda kuanzia mita 50 na kitu. Jino linalokwenda polepole linalazimika kula tonge kubwa kila linapopita, ndiyo yale manyoya, na ndiyo ile kusukuma gari. Nilinunua puli ya inchi 9 kwa mota na ya inchi 4 kwa shafti, nikapata mizunguko 3,240. Kabla ya kuwasha nilisoma kasi ya juu iliyochapishwa kwenye uso wa diski, na naomba usiruke hatua hiyo. Kila diski ina mwisho wake, na ukibadilisha puli kwa kubahatisha unaweza kuuvuka bila kujua.

Hapo ndipo pia nilipoelewa kisa cha meno 60. Kupasua ubao kwa urefu wake kunatoa unga mwingi na nyuzi ndefu, na unga huo unahitaji pa kukaa mpaka jino litoke upande wa pili. Diski ya meno 24 ina mabonde mapana kati ya jino na jino. Ya meno 60 mabonde yake ni finyu, yanajaa mara moja, halafu unga wenyewe unaanza kusugua. Meno mengi yana kazi yake: kukata ubao kwa upana, plaiwudi, na MDF, yaani zile mbao za unga uliogandishwa. Muuzaji hakunidanganya kwa makusudi, naamini. Hakuniuliza ninapasua nini, na mimi sikumwambia.

Nikaenda Gerezani kununua ya meno 24, na hapa naeleza upumbavu wangu mwenyewe, hakuna wa kumlaumu. Tundu la diski ile lilikuwa milimita 30, shafti yangu ni 25. Kuna ringi ya chuma inayouzwa kujaza nafasi hiyo. Siku hiyo haikuwepo dukani, na mimi nilikuwa na oda ya milango. Nikakata kipande cha bomba la plastiki la maji, nikakisaga kwa msasa mpaka kikaenea, nikakaza nati. Ilizunguka vizuri. Siku ya tatu meza ikaanza kutetemeka, kikombe cha chai nilichokiweka pembeni kikawa kinatembea chenyewe.

Mtetemo una sababu nyingi na watu huzitaja zote kwa mkupuo. Mimi nilizifuata kwa kuondoa kitu kimoja kimoja. Nilitoa mkanda nikawasha mota peke yake: kimya. Kwa hiyo mota haina neno. Nikakata umeme, nikaushika mkanda na kuupitisha vidoleni, maana mkanda uliokaa muda mrefu bila kufanya kazi hupata kovu pale ulipojikunja kwenye puli, na kovu hilo linagonga kila mzunguko. Ulikuwa laini. Nikashika shafti kwa mikono miwili nikaitikisa juu na chini kusikiliza beringi: hakuna mchezo. Nikatoa diski, nikarudisha mkanda, nikawasha. Kimya tena. Basi, diski. Nilipoitazama ile plastiki, upande mmoja ilikuwa imelainika na kubonyea. Diski ilikuwa imehama kutoka katikati, si sana, labda milimita moja.

Milimita moja inaonekana ndogo. Niliipeleka diski kwa mnoaji akanionyesha kwa lenzi: meno ya upande mmoja yalikuwa butu kabisa, ya upande wa pili yalikuwa kama yametoka dukani jana. Upande uliotokeza ulifanya kazi yote, upande mwingine ulikuwa abiria. Nililipa kunoa diski ambayo nusu yake haikuwa imewahi kukata kitu. Fundi wa kukereza vyuma akanitengenezea ringi halisi ya chuma kwa bei ya soda nne, na tangu hapo kila ninapofunga diski ninafuta zile washa kubwa mbili zinazoibana, pande zote. Punje moja ya unga ikibaki hapo, diski inakaa upande, na kule kwenye meno kosa limeshakua mara kadhaa.

Sasa nifike kwenye lile la kisu.

Ilikuwa msimu wa mvua, nimenunua paini kutoka Mafinga, mbili kwa sita, futi kumi na mbili. Mbao zilikuwa nzito kuliko kawaida, ukigusa kiganja kinapata ubaridi. Mbichi. Nilijua ni mbichi, na nilijua mteja anasubiri. Kijana wangu alikuwa upande wa pili akipokea. Tulifika kama futi nne ndani ya ubao nikasikia mlio wa mashine ukibadilika, ukishuka, kama mtu anayeshikwa koo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ubao, kifua changu kikiwa kwenye mstari wake. Sikumbuki zaidi. Ninakumbuka nimekaa chini, mgongo kwenye rundo la mbao, na hewa haiingii. Ubao ulikuwa umenipiga chini ya mbavu na kuendelea mpaka kwenye mlango. Kijana wangu alikuwa bado ameikunja mikono kama ameshika kitu, na mkononi hana kitu.

Sababu yake ni hii. Ubao una mvutano ndani yake, hasa ule mbichi au uliokaushwa haraka. Ukiupasua unafungua mvutano huo, na zile pande mbili zinaweza kutanuka, au zinaweza kufunga. Zikifunga, zinaibana diski kwa nyuma. Sasa meno ya mbele yanashuka kuelekea mezani, lakini meno ya nyuma yanapanda. Yakiushika ubao yanaunyanyua na kuurusha juu ya diski kumwelekea aliyeusukuma, kwa mwendo wa meno yenyewe. Kwa mizunguko yangu ile ni mita 51 kwa sekunde. Basi la mkoani halijawahi kufika mwendo huo.

Mzee aliporudi safari na kunikuta natembea nimeinama, hakunipa pole kwanza. Aliniuliza kabari zangu ziko wapi. Zamani, akasema, ubao ukishavuka diski kiasi cha mkono mmoja, anayepokea anachomeka kabari kwenye mpasuo ili usijifunge. Kile kisu cha nyuma kwenye mashine za kiwandani ni kabari tu isiyosahau. Tulikaa chini tukakichora. Bamba la diski yangu lilikuwa na unene wa milimita 2.2, na mpasuo unaoachwa na meno 3.2, kwa hiyo kisu kilitakiwa kiwe katikati ya hivyo viwili. Tukachukua bamba la 2.5. Kingekuwa kinene kuliko mpasuo ubao ungekwama, kingekuwa chembamba kuliko diski kisingezuia kitu. Tulikikunja kufuata duara la diski, kikakaa kama milimita 5 nyuma ya meno, ncha yake chini kidogo ya jino la juu, na tukakifunga kwenye fremu ya shafti, siyo kwenye meza, ili meza ikipanda na kushuka chenyewe kibaki na diski.

Tangu siku hiyo ubao ukitaka kufunga unakibana kisu, mashine inaguna, ninazima, ninachomeka kabari, ninaendelea. Na sisimami tena nyuma ya ubao. Ninasimama kushoto kwa mstari wake, na inchi za mwisho ninamalizia kwa kijiti cha kusukumia kilichochongwa mdomo kama wa ndege. Kijana wangu naye nimemkataza kuvuta. Anabeba uzito tu. Kitu kingine kinachorusha, na hiki nimekiona karakana ya jirani, ni kukata kipande kifupi kwa upana huku kichwa chake kimeegemea mwongozo. Kikikatika kinabaki kati ya diski na mwongozo hakina pa kwenda, kinajigeuza, kinaondoka. Weka kipande kidogo cha mbao kwenye mwongozo kiishie kabla ya diski, upimie hapo, ili kikikatika kiwe huru.

Mpwa wangu aliwahi kunionyesha kwenye simu mashine za SawStop za Marekani, aliyezibuni ni Steve Gass mwaka 1999: diski ikigusa ngozi inasimama ndani ya milisekunde 5. Ni kitu cha ajabu na ningekuwa na uwezo ningenunua. Lakini inalinda vidole. Ubao uliokwisharuka hauulizi kama umegusa ngozi.

Mambo ya umeme nitayapitia haraka, kwa sababu dawa yake kubwa ni kumwita anayeyajua. Mawili tu yamewahi kunikuta. La kwanza, fundi umeme alikuja kubadilisha swichi kuu. Alipomaliza tukawasha, mlio ni uleule, kila kitu sawa. Nikasogeza ubao, haukukatwa. Ulinyanyuka na kutoa moshi. Mashine ilikuwa inazunguka kinyumenyume. Fezi tatu ukibadilishana nyaya mbili tu, mota inageuza mwendo, na dawa ni kuzibadilishana tena. Kilichonitisha si moshi, ni nati ya diski: mwendo wa kawaida hauilegezi, mwendo wa kinyume unaweza kuifungua, na nilipoigusa ilikuwa imeanza kuitika. Sasa nimechora mshale mwekundu kwenye fremu, na kila umeme unapoguswa tunawasha bila diski kwanza.

La pili, asubuhi moja niliwasha mashine ikavuma tu bila kuzunguka. Nikasubiri ijitafakari. Sekunde zile za kusubiri ndizo zilizoiunguza. Fezi moja ilikuwa imekatika kwa sababu chuma cha kugusia ndani ya swichi kililika, na mota ya fezi tatu ikibaki na mbili haiwezi kuanza, inajipika. Nililipa kusuka upya. Mota ikivuma bila kuzunguka, zima papo hapo, halafu ndiyo ufikiri. Na usijaribu kuisaidia kwa kuizungusha diski kwa mkono. Nimemwona mtu akifanya hivyo na mpaka leo sielewi aliondokaje na vidole vyote. Rilei ya kulinda mota nilikuja kuifunga baadaye, kwa bei ndogo kuliko ile ya kusuka.

Halafu kuna mbao zenyewe. Mvule una mawe ndani yake, na simaanishi msemo: mti hujiwekea mabonge ya chokaa kwenye nyufa zake, huyaoni kwa nje, na diski ikilikuta moja jino linaondoka. Mtiki una silika, unabutua taratibu. Paini haibutui sana ila inapaka utomvu. Ubao uliotumika una misumari, nami sipasui ubao wa zamani bila kuupitisha sumaku. Na ubao uliopinda kama mtumbwi ukiulaza mgongo chini utacheza kwenye meza na kubana diski hata kama mashine ni mpya kutoka kiwandani. Lazima kwanza upigwe randa upande mmoja unyooke, upande huo ndio ulale mezani. Vumbi la mninga nalo lilinipa mafua ya mwezi mzima nikidhani ni hali ya hewa. Siku hizi navaa barakoa.

Kwa ukingo usiokaa wima: kata kipande, geuza kimoja juu chini, uvigusanishe vichwa kwenye meza. Mwanga ukionekana kati yao, kosa lako ni nusu ya mwanga huo. Kwangu kosa lilitoka kwenye zile bolti mbili za kuinulia meza, moja ikizidi nyingine hata robo mzunguko bamba linajikunja. Nilizitia alama za rangi ili zizunguke pamoja. Uso wa meza naupaka nta ya mshumaa. Ulikuwa unashika kutu kila msimu wa mvua kwa hewa ya Pwani, nami nilikuwa napaka oili, ikawa inakusanya unga na kuchafua mbao za wateja.

Mwaka jana tulihamisha benchi ili kumwaga zege sakafuni. Chini yake, kwenye unga wa miaka, kijana alizikuta zile diski tatu. Akauliza azipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikamwambia aziloweke kwenye mafuta ya taa kwanza. Jioni tulizisugua kwa mswaki wa zamani, na utomvu mweusi ukatoka kama ukoko wa sufuria. Niliyasogeza meno kwenye mwanga wa dirisha nikayapitishia ukucha: yalikuwa yanakwangua. Mnoaji alipoziona alisema mbili hazimhusu, labda ile ya kwanza aipitishe mara moja. Ile ya meno 60 ndiyo tunayokatia MDF sasa.